Mngurumo wa Zipora

Zipora aliachika kwa sababu ya redio. Kwao Kharumwa watakusimulia mengine, kwamba alikuwa na mdomo, kwamba ugali wake ulikuwa mbichi, lakini mimi nilisikia kwa kinywa chake mwenyewe, naye hakuwa mtu wa kujipaka mafuta.

Mwaka 1966 mumewe aliuza pamba, akanunua redio kubwa ya betri. Akaiweka juu ya kabati, akaifunika kitambaa cha kushona kwa mkono, akapiga marufuku mtu yeyote kuigusa. Redio ikaimba miezi mitatu, ikanyamaza. Mume akaipiga kofi. Ikanyamaza vilevile. Siku moja mume alipokwenda kunywesha ng'ombe, Zipora akatandika mkeka uani, akaifungua redio kwa kisu cha kumenyea viazi, akapanga vitu vyake vya ndani kimoja kimoja kama anayeanika dagaa.

Mume akarudi mapema.

"Unafanya nini?"

"Natafuta palipokatika."

Yule bwana akaitazama redio yake, mali ya msimu mzima, imelala mkekani matumbo nje. "Leo utachagua," akasema. "Mimi au hiyo ledio."

Zipora alikuwa ameshauona waya uliokatika. Akausokota kwa vidole, akarudisha kila kitu mahali pake, na redio ikaanza kusoma bei za mifugo kwa sauti safi kabisa. Akaifunga kwenye khanga, akatoka nayo. Wazee walikaa, ng'ombe wa mahari wakarudishwa kwa mume, na mmoja zaidi akaongezwa kufidia redio. "Kati ya wale wawili," Zipora alikuwa akisema, "mmoja tu ndiye aliyekuwa anatengenezeka."

Alifika Shinyanga mjini akiwa na miaka ishirini na minne, akaenda moja kwa moja kwenye duka la mzee Jashvant. Huyu alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapohapo Shinyanga, anauza spoku za baiskeli na rangi za nguo, na nyuma ya duka anatengeneza redio. Kisukuma chake kilikuwa kimenyooka kuliko Kiswahili chake. Mkewe, Usha, ndiye aliyekaa mbele na wateja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unauza hiyo redio?"

"Siuzi. Natafuta kazi."

Jashvant akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Halafu, labda kwa sababu siku hiyo hapakuwa na wateja, akaingia ndani akatoka na redio nyingine, ya mtu wa Ibadakuli, iliyokuwa imemshinda tangu masika. "Ukiifanya hii iseme," akamwambia kwa Kisukuma, "nitakupa kiti."

Zipora alikaa nayo barazani siku nne. Siku ya tano akamwita mzee akamwonyesha. Kati ya vile vibati vyembamba vinavyozunguka mtu anapotafuta stesheni, palikuwa na mende. Alikuwa amekufa zamani, amekauka, amebanwa kati ya stesheni mbili. Zipora akamtoa kwa njiti ya kibiriti. Redio ikasema. Jashvant akamtazama yule mende muda mrefu, kwa heshima, kisha akaleta kiti.

Kiti kiliwekwa nyuma, si mbele. Watu wa mjini hawakutaka redio zao zishikwe na mwanamke, tena mwanamke wa Kharumwa. Mwalimu mkuu mmoja aliapa kwamba yake ikiguswa na huyo binti ataipeleka Mwanza. Kwa hiyo Usha alikuwa akipokea redio mbele, anaipitisha nyuma ya pazia, Zipora anaitengeneza, na Usha anairudisha akisema, "Mzee amemaliza." Siku moja mwalimu mkuu yuleyule akaja kumshukuru Jashvant kwa kazi nzuri ya juma lililopita. Usha akamwambia mzee yuko Mwanza, juma la pili sasa, anatibiwa meno. Mwalimu akasimama pale akipiga hesabu. Kisha akainua kichwa akaita kwa sauti ya upole, "Aliyeko nyuma ya pazia, ahsante."

Zipora alikaa pale miaka kumi na saba. Alijifunza risasi ya kulehemu na waya, valvu na transista, na alijifunza kanuni moja ambayo Jashvant aliirudia kila mtu alipoleta vyombo vikubwa vya muziki: "Unawasha kutoka mdomoni kwenda tumboni. Unazima kutoka tumboni kwenda mdomoni." Mdomo ni chombo kinachopokea sauti, tumbo ni amplifaya yenye nguvu. Ukiwasha tumbo kwanza halafu ukagusa mdomo, ule mshtuko mdogo wa mdomoni unakuzwa mara elfu na kuzifikia spika kama teke la punda.

Mwaka 1983 Jashvant na Usha walikuwa wamezeeka, wakahamia Mwanza kwa mtoto wao. Siku ya kuondoka mzee alimkabidhi Zipora kitu kilichofungwa kwenye shuka: kisanduku cha bati, upana wa biblia mbili, chenye vitufe vinne na valvu tatu. Kilitoka kwenye jumba la sinema lililokuwa limefungwa. Ilikuwa priamplifaya, ambayo mafundi waliita prii. "Hii haina nguvu," Jashvant akasema. "Ina adabu. Nguvu utaipata popote."

Nguvu ilimfuata miaka mitatu baadaye, ikiwa imevaa kofia. Alikuwa Maganga, mwenye baa huku kwetu Geita. Wakati huo wachimbaji walikuwa wanamiminika kama siafu, na baa nazo zilikuwa zikifunguliwa kila kona. Mpinzani wa Maganga, ng'ambo ya barabara, alikuwa ameleta spika mbili ndefu kutoka Mwanza, na wateja walikuwa wamehama na glasi zao mkononi. Maganga aliposikia kwamba Shinyanga yuko mwanamke anayetoa mende kwenye redio, alipanda lori akamfuata.

"Fundi," akasema, "nataka muziki ambao mtu akiusikia, unamkuta huku." Akajipiga tumboni. "Masikio sina shida nayo."

Zipora alikubali kwa sababu moja: hakuna aliyewahi kumwomba kitu kama hicho. Walisafiri juu ya lori la mbegu za pamba kwa njia ya Kahama, naye prii akaipakata mapajani imefunikwa khanga, maana valvu hazipendi mashimo. Mama mmoja aliyekaa jirani akaangalia lile furushi kutwa nzima. Walipokaribia Kharumwa akashindwa kuvumilia. "Mwanao ni mtulivu," akasema. "Hajalia hata mara moja." Zipora akamjibu kwamba huyu halii mpaka aunganishwe. Yule mama akasogea pembeni, na safari yote iliyobaki hakusema tena.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Geita, na kanisani niliimba kwaya, sauti ya nne. Nyumba yangu ilipakana na baa ya Maganga kwa ukuta mmoja. Kwa hiyo nitakayosema kuanzia hapa sikusimuliwa.

Zipora alitengeneza sanduku la besi kwa mbao za mninga, kubwa kiasi kwamba mbuzi wawili wangelala ndani bila kugombana. Akaweka spika mbili, kila moja upana wa ungo. Nyuma yake akafunga amplifaya aliyoitoa kwenye gari bovu la matangazo, lile lililokuwa likizunguka vijijini kuhimiza kilimo cha pamba. Amplifaya nyingine, ya kawaida, ilikuwa ya kusukuma spika za tarumbeta zilizofungwa juu ya nguzo. Shida ikawa moja. Prii ndiyo inayopokea sauti kutoka kwenye kaseti au maikrofoni, inaisafisha, halafu inaipeleka kwenye amplifaya ili ipewe nguvu. Na prii ya sinema ilikuwa na tundu moja tu la kutolea sauti, wakati wenye njaa walikuwa wawili.

"Mama ana pacha na titi moja," Zipora akamwambia Maganga.

"Sasa?"

"Sasa atanyonyesha kwa mpangilio."

Akatengeneza waya wenye vichwa viwili. Kichwa kimoja kilikwenda kwenye amplifaya ya tarumbeta. Kingine kilipita kwanza kwenye kopo la maziwa ya unga, ambamo alikuwa ameficha koili na kapasita. Hilo lilikuwa chujio lake: sauti nyembamba zinakwama, nzito tu ndizo zinazopita kwenda kwenye sanduku. Vyombo vyote akavichomeka sehemu moja, na waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini, akaweka mmoja tu kwa wote. Akawasha jenereta. Akawasha prii, akangoja, akawasha amplifaya ya tarumbeta, akawasha sanduku. Kimya kabisa. Hata mbu ungemsikia. Kisha akabonyeza kaseti.

Gitaa la besi lilipoingia, kalenda yangu ilianguka ukutani. Chupa za bia mezani kwa Maganga zilianza kutembea, polepole, zote upande mmoja, kama watu wanaokwenda msibani. Baa ya ng'ambo ilibaki na mwenyewe na mkewe. Kuku wangu waliacha kutaga, jambo nililomlalamikia Maganga akaniambia nijaribu bata.

Malalamiko makubwa yalitoka chini ya ardhi. Wachimbaji waliokuwa ndani ya maduara, yale mashimo yao ya kina kirefu, walisikia udongo unatetemeka wakadhani shimo linaporomoka. Walitoka mbio, wengine bila nguo, wakakuta juu watu wanacheza. Kamanda wa sungusungu akaja na mkuki na filimbi yake. Alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, mguu wake ukipigapiga bila ruhusa yake, kisha akatoa hukumu: sanduku lipigwe Jumapili tu, siku ambayo mashimo hayana watu.

Na hapo ndipo mchungaji wetu, Stanslaus, alipopata wazo. Kanisa letu la mabati lilikuwa limepoa. Jumapili asubuhi wachimbaji walikuwa wanalala ili wapate nguvu ya kunywa mchana. Mchungaji alikuwa mtu mwema, mwembamba, mwenye sauti nyembamba zaidi. Alimwendea Maganga akamwomba vyombo vya asubuhi. Maganga hakutaka, lakini mkewe Paskalia aliimba kwaya pamoja nami, na jioni hiyo Maganga alikula ugali bila mboga. Kesho yake akatuma ujumbe kwamba amefikiri upya.

Zipora akavihamisha vyombo kanisani. Sanduku likawekwa upande wa madhabahu nyuma ya pazia, mbali na jenereta, na kwa kuwa waya wake wa ethi haukufika, alichimbia chuma kingine nje ya dirisha akaufunga hapo. Alinieleza baadaye kwamba mkono wake ulisita. Lakini kengele ilikuwa imeshalia.

"Mchungaji," akasema, "wewe utatumia tarumbeta peke yake. Sauti yako haina besi."

"Kwa nini sanduku liletwe halafu likae kimya? Wapagani wameliona likiingia. Watasema Maganga analitumia na Mungu limemshinda."

Hubiri lilikuwa la siku ya mwisho. Mchungaji alipofika mahali ambapo makaburi yanafunguka, akageukia nyuma ya pazia akamfanyia Zipora ishara kwa vidole: washa. Zipora akashusha kitufe cha sauti, akawasha sanduku, akapandisha taratibu.

Mngurumo ukaja. Haukuwa wa muziki. Ulikuwa mmoja, mnene, usiokatika, kama fahali aliyeko chini ya nyumba. Mabati yakaitikia. Popo waliokuwa wakiishi darini tangu kanisa lijengwe wakashuka wote kwa pamoja. Katikati ya vumbi na mabawa akasimama bibi Limi, ambaye alikuwa kiziwi kabisa miaka mingi, ameshika kifua. "Nimesikia!" akapaza sauti. "Nani ananiita?"

Hapo kanisa likavunjika. Watu walianguka. Watu walilia. Mchimbaji mmoja aliyeitwa Maige, mtu wa mabega mapana ambaye hata sijui alikuwa amefuata nini asubuhi ile, akasimama juu ya benchi akatangaza kwamba yeye ndiye anayeiba mifuko ya mawe ya dhahabu ya wenzake. Wenzake walikuwepo. Ingekuwa siku nyingine wangemmaliza, lakini nao walikuwa wamepiga magoti. Mimi pia nilitubu, na nilichotubia hakihusiani na kisa hiki.

Nyuma ya pazia Zipora alikuwa ameshika waya wa ethi mkononi. Alishajua. Chuma kimoja kwa jenereta, kingine dirishani, na umeme ulikuwa unazunguka kati yake ukinguruma. Kuvuta waya mmoja tu, na kila kitu kingenyamaza. Lakini alichungulia akamwona bibi Limi amesimama, uso umeng'aa, na mkono ukakataa kuvuta. Alisimama hivyo karibu dakika kumi na mbili, akijiona mwizi kuliko Maige, mpaka jenereta lilipoishiwa mafuta lenyewe.

Baada ya ibada alimfuata mchungaji ofisini, ambako pia ndiko tulikoweka majembe.

"Mchungaji, ule mngurumo ulikuwa ubovu. Nilifunga ethi mbili."

"Watu thelathini na mmoja wametubu, fundi."

"Wametubu kwa sababu ya ubovu."

Mchungaji alikuwa bado ana jasho, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeonja asali kwa mara ya kwanza. "Bwana alimtumia punda wa Balaamu," akasema. "Hakuona haya kutumia punda, ataona haya kutumia waya? Jumapili ijayo uufunge vilevile."

"Punda alisema mara moja, Mchungaji. Hakuambiwa arudie Jumapili ijayo."

"Ni mimi ninayekuomba."

"Naijua kazi yangu," Zipora akasema. "Nikiharibu bila kujua, mimi ni mjinga. Nikiharibu kwa makusudi, mimi ni mganga wa kienyeji. Sitafunga."

Habari zilikuwa zimesambaa. Jumapili iliyofuata watu walikuja kwa baiskeli mpaka kutoka Kharumwa, wakajaa hadi madirishani. Zipora alikuwa amenunua waya mrefu, ameunganisha ethi moja kwa vyombo vyote. Chuma cha dirishani alikiacha kimesimama bila kazi, na waya wake unaning'inia. Sauti ya mchungaji ilitoka safi, kila neno likieleweka, na hilo lilikuwa balaa, kwa sababu ndipo tulipogundua kwamba hubiri lenyewe halikuwa na kitu. Watu walingoja. Mtoto akauliza kwa sauti popo wako wapi. Mama mmoja wa mbele akapiga miayo mpaka tukaona meno yake yote.

Mchungaji akatangaza kwaya. Tukasimama, tukaanza. Wakati huo jenereta likakohoa, na Zipora akatoka nje kuliangalia. Mimi nilikuwa pembeni, nikamwona mchungaji, maikrofoni bado mkononi, anaingia nyuma ya pazia kwa hatua za mtu anayeingia jikoni kwa mkwewe.

Aliyoyafanya aliyasema mwenyewe baadaye. Aliukamata ule waya wa dirishani akauchomeka mahali alipodhani ndipo. Mngurumo haukuja. Akafikiri labda mashine inahitaji kuamshwa. Akazima prii, akaiwasha. Sanduku na amplifaya zilikuwa zinawaka, zimepandishwa mpaka juu.

Kanuni ya Jashvant haikuwahi kuthibitishwa vizuri zaidi. Mlio ule ulikuwa kama wa baruti ya mgodini. Benchi la wazee wa kanisa lilipinduka na wazee wote. Moshi ukatoka kwenye sanduku, spika mbili zikachanika, na watu wa madirishani wakaanguka kwa nje. Kisha, katika ule ukimya, tarumbeta za juu ya nguzo, ambazo zilikuwa hazijafa, zikatoa sauti nyembamba iliyosikika sokoni, kwenye baa zote mbili na kituo cha polisi:

"Pumbavu! Umeniunguza kidole!"

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni bibi Limi, ingawa hangeweza kuwa amesikia; labda aliona uso wa mchungaji alipotokeza. Tulicheka mpaka tukashikana. Mchungaji alisimama pale ananyonya kidole, haya imemjaa, na baada ya muda, naye, Mungu ambariki, akaanza kucheka. Halafu akalia.

Zipora hakucheka. Aliingia mbio, akazima tumbo kwanza, kisha mdomo, akapiga magoti mbele ya sanduku akagusa zile spika zilizochanika. Alilia kama mtu aliyefiwa, bila aibu, mbele ya kanisa zima. Prii ilikuwa imepona. Alipoliona hilo akapangusa uso, akasimama, akamgeukia mchungaji.

"Utalibeba," akasema. "Siku ya mnada, saa sita mchana. Mpaka kwenye karakana yangu."

"Nitatafuta vijana wenye mkokoteni."

"Mkokoteni utausukuma wewe. Na kola yako shingoni."

Alilibeba. Geita nzima ilitoka kutazama. Wachimbaji walimwimbia njiani, nyimbo nyingine si za kuandikwa, na mpinzani wa Maganga akamletea maji ya kunywa kwa huruma. Katikati ya soko gurudumu likazama kwenye matope, na aliyetoka kwenye umati kumsaidia kusukuma alikuwa Maige, yule mwizi wa mawe aliyeokoka.

Zipora hakuishia hapo. Alimwambia mchungaji kwamba mtu anayegusa vyombo bila kuvijua ni hatari kuliko mlevi, basi aje kila Jumamosi ajifunze. Alikuja Jumamosi sita. Alifundishwa sauti huingia wapi na hutoka wapi, kwa nini pacha wawili wanagawana titi moja, kwa nini ethi ni moja tu. Alichomeka na kuchomoa mpaka akaweza kuunganisha prii, amplifaya na sanduku macho yamefungwa. Zile spika walizirekebisha pamoja kwa karatasi ya mfuko wa saruji na mpira wa tyubu ya baiskeli. Sauti ya sanduku ilibaki na mkwaruzo kidogo, kama ya mzee aliyeacha sigara juzi, na walevi wa Maganga wakaapa kwamba sasa ndiyo tamu.

Mchungaji aliungama madhabahuni, bila maikrofoni. Alisema alitaka kumfanya Mungu apige kelele kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hana la kusema. Lilikuwa hubiri lake la kwanza lililonigusa. Wengi wa wale thelathini na mmoja walirudi walikotoka mara waliposikia habari za ethi. Bibi Limi alishikilia kwamba aliitwa, na hakuna aliyekuwa na njia ya kumbishia asiyesikia.

Maige alikuja karakanani siku moja, kofia mkononi, akasimama mlangoni akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, fundi."

"Mhola. Una nini?"

"Nina swali. Mimi nilitubu kwa sababu ya waya. Sasa nimeambiwa ulikuwa waya mbovu. Je, toba yangu ipo au haipo?"

Zipora aliendelea kulehemu. "Umeacha kuiba mawe ya wenzako?"

"Nimeacha."

"Ulikuwa unalala vizuri?"

"Hapana. Sasa nalala."

"Basi iache kama ilivyo. Kitu kikifanya kazi hakifunguliwi."

Maige akaondoka. Keshokutwa akarudi na tochi isiyowaka, ambayo Zipora aliifungua akakuta haina betri. Juma lililofuata akaja na tochi ileile, na betri zimegeuzwa. Ilichukua karibu mwaka wa tochi mbovu kabla hajasema alichokuja kusema. Zipora alikuwa na miaka arobaini na sita, na alimweleza mapema kwamba ndani ya nyumba yake hakuna chombo ambacho mke hatakifungua akitaka. Maige alisema yeye hana hata redio.

Walifunga ndoa Juni 1988. Bibi harusi aliamuru ibada iendeshwe bila vyombo vyovyote, kwa hiyo mchungaji Stanslaus aliwauliza maswali yao kwa ile sauti yake ya mluzi, na sisi tuliokuwa mistari ya nyuma hatukusikia walichojibu. Tuliona watu wa mbele wanapiga makofi, nasi tukapiga.